Safu ya Tano

Baba aliacha kaunta buku la kwaya mbili,
jalada limekula moshi wa bani,
kurasa kazigawa safu nne kwa rula ya ubao:
msimu, mbolea, kilo, deni.
Mkono wake ulikuwa mzito. Tarakimu
zimetoboa hadi ukurasa wa nyuma,
kana kwamba alitaka deni limkute
hata akifungulia upande wa pili.

Sitaitukana tumbaku.
Ndiyo iliyoezeka bati hapa Ussoke
nyumba iliyovuja hadi kitandani kwa bibi.
Ndiyo iliyonivisha sketi ya bluu,
ikanilipia bweni Tabora mjini.
Nikikohoa usiku wa kukausha
nakohoa ada yangu mwenyewe.

Ila leo nimepekua nikitafuta kuni,
sikuziona.
Misimu thelathini na mmoja,
matrela kwa matrela yaliyoingia tanuruni,
na hakuna mahali baba ameandika mti.
Mbolea ya mkopo ameiandika
hadi mfuko uliochanikia njiani.
Mti hakuuandika,
kwa kuwa hakuna aliyekuja kumdai.

Nimechukua rula. Nimechora safu ya tano.

Mwaka niliozaliwa: nyuma ya jiko.
Mama alituma mtoto,
akarudi na mzigo kabla ugali haujashikana.
Nilipokuwa darasa la nne: ng'ambo ya kijito.
Nilipomaliza la saba: ng'ambo ya kijito,
ila kijito chenyewe hakikuwapo,
tulivuka mchanga bila kukunja sketi.
Alipozaliwa Kalunde wangu: mkokoteni, kutwa nzima.
Mwaka huu: trekta la kukodi, kulala njiani,
kibali, na dereva anayetaka chai
ambayo haichemshwi kwenye birika.

Nyuki nao hawakuhama siku moja.
Mjomba Kapela alikuwa na mizinga arobaini ya magome
(naye alivua miti mizima ngozi, ana deni lake),
kila mzinga akiupa jina la shemeji.
Msimu huu amerina mashemeji watatu.

Halafu miche.
Ililetwa na gari la kampuni,
mikaratusi mia nne kwa kila mkulima,
ndani ya viriba vyeusi.
Baba aliweka dole gumba, gari likaondoka,
ripoti ikaenda ilikokwenda, ya kijani kibichi.
Miche ilikaa nyuma ya choo hadi Agosti.
Viriba bado vipo. Jembe huvifukua kila mwaka,
vizima, havijui kuoza:
kitu pekee tulichopanda kikadumu.

Mdogo wangu Igulu ananicheka.
"Maendeleo endelevu, dada?
Hayo ni maneno ya semina, huja na soda."
Sibishani naye. Soda nimeinywa pia.
Nimepunguza tumbaku hadi ekari moja na nusu,
kwingine karanga, alizeti.
Nimejenga bani jipya, linakula nusu ya kuni.
Nusu nayo ni namba. Naiandika.

Na shamba la nyuma nimelizungushia miiba,
kwa sababu visiki vya miyombo havijafa:
vimetoa machipukizi mekundu
kama masikio ya ndama.
Mbuzi wa jirani wameshaingia mara mbili.
Igulu anataka kung'oa, apande mahindi.
"Kwani hizo mbao utapasua lini?"
"Mimi na wewe tukiwa tumeshaliwa na mchwa."
"Basi ni za nani?"
Hapo sikumjibu. Nilikuwa na njaa,
na njaa ilikuwa upande wake.

Jioni Kalunde, aliye kwenye makumi na mamoja,
ameomba kuandika.
Tumehesabu visiki vilivyochipua,
mara ya pili tukianzia mwisho ili tusijidanganye.
Ameandika, ulimi nje: 62.
Nimegeuza ukurasa,
nikapitisha kidole kwa nyuma.
Mkono wake mwepesi. Haujatoboa.